Habari za Mtaa wa Pumwani, Uitwao Majengo

Katika taarifa za miaka iliyopita wanachama wamezoea kusoma hesabu ya ada zilizolipwa, misiba iliyosaidiwa na watoto waliosomeshwa. Mara hii wazee wetu wameagiza kwamba pamoja na hesabu hizo iandikwe pia habari ya mtaa wenyewe, ulikotoka na jinsi ulivyo, kwa sababu vijana wengi wanaolipa ada leo wamezaliwa Pumwani lakini hawajui Pumwani yenyewe ilizaliwaje. Kazi hiyo nimepewa mimi karani wenu, si kwa kuwa najua kuliko wengine, bali kwa kuwa daftari la chama li mikononi mwangu. Palipo na kosa, wazee watanisahihisha.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mtu akikaa nawe na kufanya kazi pamoja nawe, ugeni wake umekwisha. Historia ya Pumwani ni historia ya watu walioshika jembe tangu siku ya kwanza, na juu ya hayo wakaendelea kuitwa wageni kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini. Jambo hili ndilo nitakalolifuata katika maelezo yote haya, maana mwisho wake haujafika.

VIJIJI VYA KWANZA

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi mwezi wa Mei, mwaka 1899. Kabla ya hapo mahali hapa palikuwa uwanda wenye majimaji, ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Na jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mji ulipoanza, walikuja Waswahili wa pwani, Wanyamwezi waliokuwa wapagazi wa misafara, Wanubi waliokuwa askari, Wakikuyu na Wakamba wa nchi za jirani, na baadaye Wajaluo na Waluhya kutoka magharibi. Wengine walikuwa wapishi na mahamali, wengine waosha nguo, wengine wafanya biashara ndogo ndogo.

Hapana aliyewajengea nyumba. Walijenga wenyewe pembeni mwa mji, na vijiji vyao vikapata majina: Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Wanubi, waliokuwa wametumika katika jeshi la King's African Rifles, walikaa upande wa Kibra. Yafaa kuyatazama majina hayo. Aliyekiita kijiji Mombasa alikuwa akikumbuka pwani. Aliyekiita Maskini hakuficha hali yake. Na jina Kaburini latuambia kwamba hapo palikuwa na makaburi. Nasi twajua kwamba mpita njia hutengeneza kambi, bali mtu azikaye wafu wake mahali, mahali hapo pamekwisha kuwa kwake.

KUHAMISHWA

Wenye kutawala hawakuona hivyo. Kwao mji ulikuwa wa Wazungu, na Mwafrika alikuwamo kwa ajili ya kazi tu. Kazi ikiisha arudi kwao mashambani. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kutoka Uingereza kutazama mambo ya afya katika miji, naye akashauri kwamba kila taifa la watu litengwe na kukaa mahali pake. Ugonjwa wa tauni ulikuwa umekwisha kuuingia mji, na hofu ya ugonjwa ikawa sababu njema ya kufanya jambo ambalo wengi walilitaka hata kama ugonjwa usingalikuwako.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilichelewesha mambo. Katika vita hivyo Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na wengi hawakurudi. Jina la kikosi hicho limebaki mjini hata leo, kwa matamshi yetu wenyewe, katika mtaa wa Kariokor, jirani zetu.

Vita vilipokwisha, shauri la kuwatenga Waafrika likaanza kutimizwa. Kati ya mwaka 1921 na 1923 ardhi ilipimwa ng'ambo ya Mto Nairobi, upande wa mashariki ya mji, ikakatwa viwanja, na watu wa Mombasa, Maskini na Kaburini wakaambiwa wahamie huko. Nyumba zao za kwanza zikabomolewa. Ndiyo asili ya Pumwani. Watu wa Pangani walisalia katika kijiji chao kwa miaka mingi, mpaka nacho kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na nyumba zikajengwa Shauri Moyo kwa ajili ya waliohamishwa.

Jina la Pumwani husemwa kuwa latokana na kupumua, yaani mahali pa kupumzikia. Jina la Majengo ni la kazi: ni mahali panapojengwa. Basi mtaa mmoja una majina mawili, moja la pumziko na moja la jasho, na kwa hakika wazee wetu walipata zaidi hilo la pili.

Sharti la kukaa lilikuwa hili. Kiwanja kilikuwa cha Manispaa. Mwenye nyumba alipewa ruhusa ya kujenga juu yake na kulipa kodi ya kiwanja. Nyumba ilikuwa yake, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba haikuwa yake. Ajabu ni kwamba watu wakajenga juu ya neno hilo dogo, ruhusa, kana kwamba wamejenga juu ya mwamba.

NYUMBA ZA MAJENGO

Nyumba zenyewe zilikuwa za namna ya pwani. Kuta zilikuwa za fito na udongo, na paa la mabati, au la madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa na kunyoshwa kwa nyundo. Mlango wa mbele ulifungukia ujia uliopita katikati ya nyumba, na vyumba vikakabiliana kulia na kushoto. Nyuma palikuwa na ua, ambapo watu walipika, walifua na kuzungumza. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine.

Nyumba ya namna hii ilikuwa na mafundisho yake. Watu wa makabila sita waliweza kukaa katika vyumba sita, lakini ua ulikuwa mmoja. Aliyepika alionekana, na aliyelala na njaa alijulikana. Mtoto aliyekosa alirudiwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu, na mzazi wake hakuuliza kwa nini. Ndiyo sababu watoto wa Majengo, ambao baba zao walisema Kikikuyu, Kikamba, Kinandi au Kinyamwezi, walikua wakisema Kiswahili kama lugha ya mama. Na baadaye, katika mitaa hii ya mashariki, vijana wakajitungia na Sheng yao, ambayo wazee huilaumu mchana na kuicheka jioni.

Nisije nikapaka mambo rangi. Vyumba vilikuwa vidogo na watu walikuwa wengi, hasa wakati wa Vita vya Pili na baada yake, kazi zilipoongezeka mjini na nyumba zisiongezeke kwa kadiri hiyo. Sababu yake ilikuwa ile ile ya ugeni. Mshahara wa Mwafrika mjini ulihesabiwa kuwa wa mtu mmoja asiye na mke wala watoto, kwa kudhaniwa kwamba jamaa zake wanakula shambani. Hata kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, na kutoa taarifa yake mwaka 1954, ilikiri kwamba mshahara wa namna hiyo haumtoshi mtu mwenye jamaa, ikashauri mshahara uhesabiwe kwa haja za mume, mke na watoto. Lakini kufika mwaka huo, Pumwani ilikuwa imekwisha kulea watoto kwa zaidi ya miaka thelathini bila kungoja shauri la kamati.

KINA MAMA WALIOJENGA

Kuna jambo moja ambalo wageni wanaoandika juu ya mtaa wetu hulistaajabia, nasi wenyewe twalisema kwa sauti ya chini. Wengi wa wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake. Mtaalamu Janet Bujra, aliyeuchunguza mtaa huu katika miaka ya 1970, na Luise White, aliyetoa kitabu juu ya wanawake wa Nairobi mwaka 1990, wote wawili wameeleza jambo hili kwa urefu.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Huko mashambani, binti hakurithi ardhi ya baba yake, na mjane alikaa chini ya shauri la ndugu za mumewe. Mwanamke aliyekimbia njaa, au ndoa mbaya, au aliyefukuzwa kwa kukosa mtoto, hakuwa na mlango wa kubisha. Katika vijiji vya Nairobi aliweza kuuza chai na mandazi, kuuza pombe, kupangisha chumba, na kufanya biashara nyingine ambayo wazee hawaitaji mbele ya watoto. Fedha aliyoipata wengine waliila; lakini wako walioiweka shilingi juu ya shilingi wakajenga nyumba, na mwanamke aliyekuwa hana kwao akawa na mlango ambao wengine walikuja kuubisha.

Nasema haya wazi kwa sababu wako kati yetu waliolelewa na kina mama hao. Wengi wao hawakuzaa. Walichukua watoto wa ndugu, wa jirani, na hata watoto walioachwa, wakawapa majina yao na kuwapeleka chuoni au skuli. Mtu asimwonee haya aliyemlisha.

DINI, NGOMA NA MAZISHI

Tangu mwanzo Pumwani ilikuwa mtaa wa Waislamu kwa sehemu kubwa, na Msikiti wa Riyadha umekuwa moyo wa mtaa. Wengi waliofika hapa peke yao waliingia katika Uislamu na kupata ndugu wapya badala ya wale waliowaacha. Wakristo nao wamekuwako siku zote, na kituo cha St. John's, kilichoanzishwa mwaka 1957, kimefundisha kazi na kusaidia vijana wengi bila kuuliza dini zao. Mimi ni mtoto wa skuli za misheni, lakini sijapata kukosa mwaliko wa Idi, wala sijaona Krismasi ambayo jirani zangu Waislamu hawakuja kula nyumbani kwangu.

Jumba la kumbukumbu lililojengwa katika miaka ya 1920, lijulikanalo kama Pumwani Memorial Hall, likawa mahali pa mikutano, arusi na michezo. Nje palichezwa ngoma, nayo beni, iliyotoka pwani pamoja na tarumbeta na gwaride lake, ilikuwa na wapenzi wengi. Na hospitali ya uzazi, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana, ikakua mpaka ikawa moja ya hospitali kubwa za uzazi katika Afrika. Watu wasiohesabika wa Nairobi, hata wasiopata kukanyaga ujia wa nyumba ya Majengo, walivuta pumzi yao ya kwanza Pumwani. Pengine hapo ndipo jina letu la kwanza lilipotimia.

Lakini alama kubwa ya wenyeji wetu ni mazishi. Vyama vingi vya Waafrika mjini Nairobi viliundwa kwa makabila, na kazi yao kubwa ilikuwa kuchanga fedha ili maiti apelekwe kwao. Ni desturi njema, na wanachama wetu wengine waifuata. Lakini wazee wengi wa Pumwani hawakuwa na kwao pengine. Wao walizikwa hapa hapa, katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor, na mchango wao ulikuwa wa sanda na wa kuwalisha waliofika matangani. Serikali iliwahesabu kuwa wapita njia. Nao walikuwa wakilala katika ardhi ya mji huu kizazi baada ya kizazi.

SIKU ZA TAABU

Mtaa haukukaa kimya. Harry Thuku aliposhikwa tarehe 14 Machi 1922, watu wa mji waliacha kazi, na siku ya pili yake, yaani tarehe 16, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, na Mary Muthoni Nyanjiru aliwatia wanaume haya kwa woga wao. Risasi zikapigwa, yeye na wengine wengi wakafa.

Mwaka 1950, Nairobi ilipopewa heshima ya kuwa Jiji mwezi wa Machi, wafanya kazi waliuliza heshima hiyo ni ya nani. Tarehe 23 Aprili, katika mkutano wa Kaloleni, Makhan Singh alidai uhuru mbele ya watu wote. Mwezi wa Mei yeye na Fred Kubai wakashikwa, na mgomo mkubwa ukaenea katika mitaa ya Waafrika.

Kisha ikaja tarehe 24 Aprili 1954, siku ya Operesheni Anvil. Askari waliuzunguka mji, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwakagua watu, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu wakapelekwa kambini Langata, Manyani na Mackinnon Road. Katika nyumba ya vyumba sita, vyumba vitatu vikawa vitupu kwa asubuhi moja. Wazee husimulia jinsi majirani wa makabila mengine walivyotunza vyombo vya waliochukuliwa na kulisha watoto wao. Wengine, ni lazima kusema, hawakutunza. Yote mawili ni historia yetu.

BAADA YA UHURU

Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipandishwa, na hapo mtu angedhani kwamba neno mgeni limefutwa. Baada ya Uhuru, Halmashauri ya Jiji ilijenga mtaa wa California kando yetu. Baadaye yakaja magorofa. Soko la Gikomba likapanuka mpaka likawa maarufu katika Afrika ya Mashariki kwa mitumba yake. Nyumba za udongo zimepungua sana, na nyingi zimegeuka kuwa za mabati au za ghorofa. Lakini neno ruhusa limewafuata watoto na wajukuu wa wale waliopewa viwanja. Wanubi wa Kibra walipata hati ya ardhi ya jamii yao, ekari 288, mwaka 2017, baada ya kungoja zaidi ya miaka mia moja. Mfano huo watupa tumaini, na watupa onyo pia: waliopata ni waliokuwa wameshika habari zao pamoja na kuzidai bila kuchoka.

Nitatoa kisa kimoja, bila kutaja jina. Hivi karibuni nilikwenda kuandika msiba wa mama mmoja mzee, mwenye nyumba. Baada ya mazishi wanawe watatu walifungua sanduku lake. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kiwanja za miaka mingi, zimekunjwa vizuri katika leso, lakini zote zina jina la mama mwingine, yule aliyemlea marehemu, aliyekufa zamani. Hapakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba yule wa kwanza alimwachia huyu wa pili. Jirani wote walijua. Wazee wawili waliokuwa mashahidi walijua. Lakini wazee hao wote wawili wamekwisha kuzikwa, na ofisi haiulizi makaburi. Wazee wa chama wamekaa na jamaa hao mara tatu, na shauri halijakwisha. Na wale ndugu watatu, waliolala kitanda kimoja utotoni, siku hizi hawasalimiani.

Basi ndugu zangu, hatari yetu si tingatinga peke yake. Hatari iliyo karibu zaidi ni kwamba siku watakapokuja wenye mpango wa kuujenga mtaa upya na kuuliza, nani mwenyeji hapa, tutajibu kwa maneno ya marehemu.

Kwa hiyo, kwa idhini ya wazee, naleta mbele ya mkutano mambo matatu. Kwanza, chama kifungue daftari la nyumba, liandikwe kwa kila nyumba ya mwanachama jina la aliyejenga, aliyerithi, na watoto waliolelewa humo, wa kuzaa na wa kulea. Pili, kila mwanachama alete nakala ya stakabadhi na karatasi zake zihifadhiwe pamoja. Tatu, mwenye nyumba aliye hai amtaje mrithi wake mbele ya mashahidi, na wosia wake uandikwe kwa njia inayokubaliwa na sheria na dini yake, sasa akiwa na nguvu, wala asingoje siku ya ugonjwa. Kutaja mrithi si kujitabiria kifo. Ni kumpa jembe yule atakayebaki.

Wazee wetu walihamishwa kutoka Kaburini, na kijiji chao hakionekani tena. Kimebaki jina tu. Hawakuwa na kalamu ya kujiandikia. Sisi tunayo.

Namaliza hapo, nikiwaombea wazee maisha marefu na vijana usikivu.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama